Nguvu za London

Mdogo wangu alirudi nyumbani likizo ya Agosti na karatasi ya kemia iliyojaa wino mwekundu. Yuko Kidato cha Tatu, KCSE ni mwakani, na aliitoa ile karatasi mkobani polepole, kama mtu anayetoa yai lililovunjikia mfukoni. Swali la saba liliuliza ni nini kinachotokea kwa molekuli za maji yanapochemka. Alikuwa amejibu kwa mwandiko safi kabisa: bondi kati ya hidrojeni na oksijeni zinavunjika. Sifuri kati ya alama mbili.

"Sasa hapa nilikosa wapi?" akaniuliza. "Si maji ikichemka inavunjika?"

Ilikuwa jioni, stima ilikuwa imepotea Mikinduri nzima, na tulikuwa jikoni na tochi ya simu yangu ikiegemea mkebe wa majani chai. Mama alikuwa ameweka sufuria jikoni. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, redio ya betri ikinong'ona sikioni. Nikafungua mdomo nimjibu mdogo wangu, halafu nikagundua sina jibu.

Jambo hili lilinishtua kwa sababu mada hiyo nimeiandikia insha tatu. Aina za nguvu zinazovutana kati ya molekuli: kurasa nane, kurasa sita, kurasa nane tena. Niliziandika nikiwa kwenye chumba cha kupanga Nairobi, usiku, kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani ambao sijawahi kuona nyuso zao. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha baada ya kuacha chuo. Mwenye akaunti anapata oda, anakupa wewe, unaandika, anachukua chake, unabaki na shilingi 300 kwa ukurasa ukiwa na bahati. Niliandika historia, uuguzi, biashara, na kwa sababu nilikuwa nimesomea ualimu wa sayansi kwa muda, kemia zote zilikuja kwangu. Insha zile zilipita. Mmoja wao alituma ujumbe wa shukrani, eti mwalimu wake amemsifu kwa maelezo yanayoeleweka.

Na sasa msichana wa miaka kumi na saba ananiuliza swali la alama mbili kwa Kiswahili, na mimi nakodolea macho sufuria.

*

Nyumbani kwetu tunaongea Kimeru. Mambo ya shule tunayaongea Kiswahili, kile cha kwenye matatu, halafu majibu yenyewe yanaandikwa Kiingereza. Ukikariri Kiingereza cha kitabu unaweza kupita mtihani bila kujua unasema nini. Mimi ni shahidi. Lakini ukilazimika kumweleza mtu kwa lugha ambayo Mama naye anasikia akiwa anakoroga chai, huna pa kujificha.

Kwa hivyo nikaanza na chai yenyewe.

"Angalia huo mvuke," nikamwambia. "Ule ni nini?"

"Maji."

"Una uhakika? Umesema bondi zimevunjika. Zikivunjika hidrojeni inaenda kivyake na oksijeni kivyake. Hidrojeni mnaipima aje kwenye maabara?"

Akacheka. "Unaweka kijiti cha moto, inalia pop."

"Sasa Mama amechemsha maji hapa miaka yangu yote, na moto uko hapo chini. Umewahi kusikia nyumba ikilia pop?"

Mama akafunua sufuria, akageuza mfuniko. Ulikuwa umejaa matone. Hakusema kitu; alituonyesha tu, kisha akaurudisha.

Ndiyo hiyo. Mvuke ni maji yale yale. Ndani ya kila molekuli, oksijeni moja bado imeshikana na hidrojeni zake mbili, na moto wa kuni hauna habari nao. Kinachoachana ni molekuli moja na nyingine. Kuna kushikana kwa aina mbili, na karatasi nzima ya mdogo wangu ilikuwa imeanguka kwa sababu hakuna aliyemtenganishia: kuna bondi inayoifanya molekuli kuwa molekuli, na kuna mvuto mdogo unaoifanya ikae karibu na wenzake. Ule wa kwanza una nguvu mara 20 hivi kuliko ule wa pili kwa upande wa maji. Kuchemsha ni kushinda ule wa pili tu.

"Kwa hivyo hizi za katikati ni dhaifu," akasema.

"Moja moja, ndiyo."

"Na ziko ngapi?"

Hapo ndipo nilipoinuka na tochi, nikazunguka nyumba nikitafuta vitu.

*

Nilirudi na vitu viwili nikaviweka mezani, cha tatu nikakisukuma kwa mguu. Kichupa changu cha kuondoa rangi ya kucha. Chupa ya sanitaiza iliyobaki tangu wakati wa Korona, ile ambayo Mama hataki itupwe. Na mtungi mdogo wa gesi ambao Mama hutumia asubuhi akichelewa.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Chukua hiyo butani. Kichupa cha kucha kina asetoni. Sanitaiza ile ilikuwa imeandikwa isopropanoli. Ukipima uzito wa molekuli moja moja, hizi tatu ni kama mapacha: butani 58, asetoni 58, isopropanoli 60. Kama uzito ndio ungeamua, zote zingechemka karibu pamoja. Lakini butani inachemka kwenye nyuzi takriban sifuri za Selsiasi, na ndiyo maana inabidi kuifungia kwenye chuma. Ukifungua tu, imeenda. Asetoni inachemka kwenye nyuzi 56. Isopropanoli kwenye 82. Mdogo wangu akaziandika namba zile pembeni mwa karatasi yake, juu ya wino mwekundu.

Tofauti yote iko kwenye namna zinavyoshikana.

Butani haina upande. Elektroni zake zimegawanywa karibu sawasawa, hakuna ncha ya chanya wala ya hasi ya kudumu. Lakini elektroni hazitulii. Kwa kitambo kidogo mno zinaelemea upande mmoja, na upande ule unakuwa hasi kidogo. Molekuli jirani inahisi, elektroni zake nazo zinasukumwa, na kwa kitambo hicho hicho zinavutana. Halafu inapotea. Halafu inatokea tena mahali pengine. Mvuto huo unapatikana katika kila kitu kilicho na elektroni, yaani kila kitu. Ni wa kuazima na wa muda, na kwa butani ndio wa pekee uliopo.

Asetoni ina huo, na ina zaidi. Oksijeni yake inavuta elektroni kuliko kaboni iliyoshikana nayo, kwa hivyo upande wa oksijeni ni hasi kidogo muda wote, na upande wa pili ni chanya kidogo muda wote. Molekuli zinajipanga, hasi ya hii karibu na chanya ya ile. Huu ni mvuto wa ncha kwa ncha, na hauji na kupotea kama wa kwanza.

Isopropanoli ina yote hayo mawili, na juu yake ina hidrojeni iliyofungwa moja kwa moja kwenye oksijeni. Hidrojeni ina elektroni moja tu. Oksijeni ikiivutia kwake, hidrojeni inabaki karibu uchi, na oksijeni ya molekuli jirani inaweza kuikaribia sana. Hiyo ndiyo inayoitwa bondi ya hidrojeni. Inatokea pia hidrojeni ikiwa imefungwa kwenye naitrojeni au florini. Jina lake linadanganya watoto wengi mitihani, wanafikiri ni bondi ya ndani. Ni ya nje, kati ya jirani na jirani, lakini ndiyo kali kuliko zile mbili nyingine kwa molekuli za ukubwa huu.

"Na maji?" mdogo wangu akauliza. Alikuwa ameanza kuchangamka. "Maji ni uzito ngapi?"

"Kumi na nane."

Akaangalia orodha yake. Kumi na nane, chini ya theluthi ya zile nyingine, na bado inachemka kwenye 100, au chini kidogo ya hapo kwetu huku mlimani. Molekuli moja ya maji inaweza kushikana hivyo na majirani wanne kwa wakati mmoja. Binamu yake wa karibu, ambaye badala ya oksijeni ana salfa, yule mwenye harufu ya yai bovu, ni mzito zaidi na anachemka nyuzi 60 chini ya sifuri. Bila mvuto huu wa majirani, Mama hangekuwa na maji ya kuchemsha. Wala hatungekuwepo wa kuyanywa.

"Ile ya kwanza, ya butani," mdogo wangu akasema akigeuza kitabu, "hapa wameandika ni London forces."

Redio ikazimwa.

"London?" Baba akasema kutoka kwenye giza lake la mlangoni. "Hizo nguvu za London ziliisha 2014."

Tukacheka sote, hata Mama.

*

Kwa msomaji ambaye hatoki huku, inabidi nieleze kicheko hicho.

Baba ni mkulima wa miraa. Milima ya Nyambene iko juu yetu, upande wa mashariki nchi inashuka kuelekea mbuga ya Meru, na katikati hapo kuna miti ambayo mingine babu yangu aliikuta ikiwa mikubwa. Nilipokuwa mtoto, sehemu ya mavuno ya eneo letu ilikuwa ikipanda ndege kwenda Uingereza. Mimi sikujua London ni mji wa nani. Nilijua ni mahali panapolipa karo. Uholanzi ilifunga mlango 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, mwaka niliokuwa Kidato cha Kwanza. Nakumbuka Baba akihesabu pesa mara mbili, kama kwamba mara ya pili zingeongezeka. Lakini Somalia ilikuwa bado, na Somalia ilinisomesha hadi nikamaliza, na 2018 nikaingia chuo kikuu kusomea ualimu wa kemia na bayolojia. Kuna picha yangu ukutani, nimesimama kwenye lango la chuo na sanduku la bati.

Halafu Machi 2020. Vyuo vikafungwa kwa sababu ya Korona, na mwezi huo huo Somalia ikasimamisha ndege, na miraa yetu ikafungiwa nje. Korona ilipolegea ndege nyingine zilirudi, miraa haikurudi hadi Julai 2022. Mimi niliitwa darasani mapema 2021, nikiwa na deni la karo la mihula miwili. Niliomba basari, nikaandikiwa barua na chifu, nikapanga foleni kwenye ofisi fulani hadi nikajua majina ya walinzi. Muhula mmoja nilisoma bila kusajiliwa, nikijificha nyuma ya ukumbi, nikaambiwa mtihani sitafanya. Sikufukuzwa. Siku moja sikurudi tu.

Sikuwaambia nyumbani. Kwa mwaka mzima Mama alikuwa akipiga simu na mimi nasema niko kwenye mitihani. Nilipowaambia, kwa simu, kimya kilikuwa kirefu nikafikiri salio limeisha. Kisha Baba akasema, "Sawa." Neno moja. Na tangu siku hiyo mtu akimuuliza, "Yule msichana wako wa chuo amefika wapi?" yeye hujibu, "Anamalizia." Nimekuwa nikimalizia miaka mitatu sasa. Sijawahi kumsikia akisema neno lenyewe, na mimi sikumsaidia. Nilifanya lililokuwa rahisi, nikapunguza safari za nyumbani.

*

"Lakini hii si London ya ndege," nikamwambia Baba. "Ni jina la mtu. Fritz London. Mjerumani."

"Mjerumani anaitwa London?"

"Ndiyo. Alikuwa Myahudi. Alieleza nguvu hizi mwaka wa 1930, na 1933 Hitler alipoingia, ikabidi aondoke kwao. Alifia Marekani."

Baba akatafakari kidogo. "Kwa hivyo naye alifungiwa mlango."

Sikuwahi kumwona hivyo Fritz London katika insha zangu tatu. Kwangu alikuwa jina la kujazia ukurasa.

Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimepata msikilizaji. Nikawaambia juu ya yule aliyemtangulia, Johannes van der Waals, Mholanzi, ambaye jina lake hubeba nguvu hizi vitabuni. Alizaliwa Leiden mwaka wa 1837, mtoto wa seremala, kifungua mimba katika familia ya watoto wengi. Nyumbani hakukuwa na pesa ya shule ile ya kupeleka mtu chuo kikuu. Akawa mwalimu wa shule ya msingi. Alipotaka kusoma zaidi aliruhusiwa kusikiliza mihadhara, lakini mtihani hapana, kwa sababu sheria ilitaka Kilatini na Kigiriki, na yeye hakuwa navyo. Sheria ilipolegezwa alikuwa mtu mzima mwenye kazi. Akapata udaktari wake 1873, akiwa na miaka 35. Katika kitabu kile alisema jambo ambalo leo linaonekana dogo: hesabu za gesi za wakati wake zilichukulia kwamba molekuli hazina ukubwa na hazivutani. Yeye akasema zina ukubwa, na zinavutana, na kwa sababu hiyo gesi inaweza kuwa kimiminiko. Mwaka wa 1910 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

"Huyo hakuruhusiwa mtihani kama wewe," mdogo wangu akasema.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lile lilikaa mezani pamoja na mtungi na chupa, na hakuna aliyeliondoa. Mama akamimina chai.

Juu ya ukuta, karibu na picha yangu, mjusi kafiri alikuwa akitembea kuelekea darini. Nikamwelekezea tochi, kwa kiasi kikubwa ili nisiangaliwe mimi.

"Huyo anashikilia na nini?" nikauliza.

"Gundi?"

"Hana gundi. Wala kucha hazimsaidii kwenye kioo, na bado kioo anapanda." Mguu wake mmoja una vinyweleo karibu nusu milioni, na kila kinyweleo ncha yake imegawanyika mamia ya mara. Watafiti wa Marekani walipima kinyweleo kimoja mwaka wa 2000, na miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba kinachomshika ni nguvu za van der Waals, hizi hizi za butani, zinazokuja na kupotea. Mguso mmoja si kitu. Lakini ncha zile ni nyembamba mno hivi kwamba zinaukaribia ukuta kabisa, na zote pamoja zinambeba yeye na mkia wake. Iodini ni hivyo pia. Klorini ni gesi, bromini ni kimiminiko, iodini ni kitu kigumu, na zote tatu zinashikana kwa nguvu za London peke yake. Iodini ina elektroni nyingi zaidi za kuyumbayumba, basi.

"Lazima iwe karibu, ama?" mdogo wangu akauliza.

"Karibu sana. Ukiongeza umbali mara mbili, mvuto unashuka mara 64."

"Mara ngapi?"

"Sitini na nne. Mbili mara mbili, mara sita."

Akafanya hesabu kwa kidole mezani, akathibitisha, akaandika. Mimi nikawa nahesabu kitu kingine. Kutoka Nairobi hadi hapa ni nauli ya siku moja. Mwaka wa kwanza baada ya simu ile nilikuja mara mbili. Mwaka wa pili, mara moja, Krismasi, na nikaondoka kabla ya mwaka mpya. Sikuwa nimewakasirikia. Nilikuwa tu nimekaa mbali kidogo, na kila mwezi umbali ule ulikuwa unafanya kazi yake.

*

Tulipobaki wawili, yeye akaniuliza lile swali.

"Wewe uliacha kwa nini, kabisa kabisa? Ni pesa tu?"

Nikamwambia ukweli. Pesa kwanza. Lakini pia aibu, kwa sababu kuna wenzangu waliokuwa na madeni kuniliko, na walikwenda kupiga magoti kwa huyu na yule hadi wakamaliza. Mimi nilichoka mapema. Nikamwambia pia kazi niliyokuwa nafanya, za wanafunzi wa ng'ambo, ambayo nyumbani niliiita "kuandika mtandaoni". Nikamwambia juu ya zile insha tatu.

Akanyamaza. Halafu: "Kwa hivyo kuna mtu huko Marekani alipita kemia na akili yako."

"Watatu."

"Na wewe hukuwa unajua jibu la swali la saba."

"Nilikuwa najua maneno yake."

Kazi ile imekauka, kwa njia. Tangu mashine za kuandika zije mwishoni mwa 2022 oda zilipungua hadi mwenye akaunti akaacha kupokea simu zangu. Sasa naandika vitu vyenye jina langu, vinavyolipa kidogo na kwa kuchelewa, na ndiyo maana Agosti hii nilikuja nyumbani na mkoba mkubwa kuliko wa wiki moja. Hilo nalo nilimwambia. Alisikiliza kama mtu mzima. Kisha akachukua kalamu ya risasi, akaandika chini ya jibu lake la zamani, bila kuangalia kitabu: molekuli zinaachana, maji yanabaki maji. Akaliandika tena kwa Kiingereza chake, si kile cha kitabu.

Risasi ile, nilimwambia kabla hatujalala, nayo ni tabaka za kaboni. Ndani ya tabaka bondi ni kali ajabu. Kati ya tabaka na tabaka ni mvuto huu huu mdogo, kwa hivyo zinateleza na kubaki kwenye karatasi. "Kwa hivyo nikiandika nazivunja," akasema, na usingizi ukamchukua.

*

Asubuhi miraa ilikuwa imeshavunwa nilipotoka. Vijana walikuwa wamepanda tangu kabla ya jua, na sasa Baba alikuwa ameketi kwenye gunia chini ya mwembe, anachambua na kufunga kwa nyuzi za mgomba. Nilienda kukaa karibu naye nikaanza kufuta majani ya ndizi, kazi niliyoifanya nikiwa mtoto. Tulifanya kazi bila kuongea. Umande uliokuwa kwenye majani ulikuwa matone ya duara. Ukitikisa, yanabingirika na kuacha jani kavu.

"Haya, mwalimu," Baba akasema bila kuinua macho. "Hii jani, maji hailoweshi. Ni kwa nini?"

Nilihitaji muda kidogo kuelewa kwamba alikuwa amesikia kila kitu jana, na si kuhusu mjusi peke yake. Nyumba yetu ni ya mbao.

"Ina nta," nikasema. "Molekuli za nta ni ndefu, hazina upande wa chanya wala hasi, zinashikana kwa zile nguvu za kwanza. Maji hayapati cha kushika hapo. Yanashikana yenyewe kwa yenyewe, yanakuwa duara."

"Na ndani, hii miraa inakaa mbichi."

"Unyevu hautoki." Nikamweleza kwamba kitu kinachomchangamsha mlaji kinaitwa kathinoni, na hakidumu, majani yakikauka siku chache tu, kinageuka kuwa kitu kingine hafifu. Ndiyo maana gari la miraa hukimbia vile. Hapa kinachovunjika ni cha ndani kweli. Si kama maji ya chai. Baba alijua hayo yote isipokuwa jina.

Akakunja jani juu ya bunda, akalikaza.

"Kwa hivyo London bado inafunga miraa yangu," akasema.

"Bado."

Akacheka peke yake kwa muda, mabega yakitikisika.

Saa tano tulibeba mzigo hadi barabarani. Pikapu ilikuja, dereva akashuka akaanza kuhesabu mabunda. Ni mtu anayemjua Baba miaka mingi. Akaniangalia, akaniangalia tena.

"Mzee, huyu si ndiye yule msichana wako wa chuo?"

Nikainama kuokota kipande cha jani kilichokuwa kimeanguka. Nililijua jibu. Nilishajiandaa kulisikia.

"Aliacha," Baba akasema. "Karo ilitushinda." Akamsaidia dereva kuinua gunia la mwisho, akalisukuma ndani, akapangusa mikono. "Sasa anaandika. Jana usiku alikuwa anafundisha huyu mdogo wake kemia, hata mimi nikaelewa."

"Kemia?" dereva akasema. "Mimi hiyo ilinishinda Kidato cha Pili."

"Muulize," Baba akamwambia. "Muulize maji ikichemka inavunjika wapi."

Dereva akanigeukia, mkono mmoja kwenye mlango wa pikapu, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufika Nairobi nikajaribu kulisema kwa maneno machache.